Blogu ndogo za wahafidhina zinawaangushaje wabunge wa majimbo Marekani?

Mpekuzi wa Kibaha ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa.

Nafuatilia siasa za chama cha Republican huko Marekani, ila si zile za Washington ambazo kila redio inazo. Nafuata za majimboni: Texas, Pennsylvania, Virginia, South Dakota. Kuna jambo moja sijalielewa. Mara nyingi mbunge wa jimbo anapoangushwa na mwanachama mwenzake kwenye mchujo, ukichimba unakuta kulikuwa na blogu ya wahafidhina iliyomwandama miezi na miezi. Blogu yenyewe ukiifungua ni ya mtu mmoja au wawili, haina mvuto, na wasomaji wake kwa siku hawafikii wa ukurasa wa udaku wa hapa Dar.

Nina maswali matatu. Nguvu hiyo inatoka wapi kama wasomaji ni wachache? Nani anawalipa waandishi hao, na sheria inasemaje? Na mimi ninayesoma kutoka mbali, nitatofautishaje uchunguzi wa kweli na kazi ya kampeni iliyolipiwa? Naomba majibu yenye tarehe na mifano. "Mitandao ina nguvu siku hizi" nimeshalisikia.

Naomba kuwasilisha.

---

Mzee wa Hansadi amejibu:

Mkuu Mpekuzi, hesabu ya wasomaji ndiyo inayokupotosha. Uliza wasomaji hao ni akina nani. Kwenye siasa za jimbo wanaoamua nani apite ni watu wachache mno: mwenyekiti wa chama wa kaunti, wanaharakati wanaogonga milango, wafadhili wa palepale, mtangazaji wa redio ya asubuhi, na wasaidizi wa wabunge wenyewe. Hao wote wakiifungua blogu moja kabla ya chai, yatosha.

Tazama New Hampshire. Baraza la wawakilishi lina viti 400 kwa watu takriban milioni 1.4. Ni mbunge mmoja kwa watu kama 3,500, na malipo yake ni dola 100 kwa mwaka. Mbunge wa namna hiyo hana msemaji wala bajeti ya kujibu mapigo. Blogu kama GraniteGrok ikiweka jina lake na kura aliyopiga, aghalabu hakuna gazeti litakaloandika upande wake. Magazeti nayo yamepungukiwa watu. Kituo cha utafiti cha Pew walihesabu wakakuta waandishi wa magazeti waliokaa kwenye mabunge ya majimbo muda wote walipungua kwa asilimia 35 kati ya 2003 na 2014. Kamati ikikaa mpaka usiku, huenda anayeifuatilia ni mwanablogu mmoja mbele ya video ya bunge.

Sasa weka kalenda mezani. Chukua Texas. Bunge hukaa siku 140 tu, kila mwaka wa namba witiri, kuanzia Januari. Mwisho wa kurudisha fomu za kugombea ni Jumatatu ya pili ya Desemba. Mchujo ni Machi ya mwaka unaofuata, na asipopatikana aliyevuka nusu ya kura, wawili wa juu wanarudiana Mei. Maana yake kura iliyopigwa bungeni mwezi Aprili inatakiwa ikae kwenye kumbukumbu za watu miezi 11 hivi. Mpiga kura wa kawaida hawezi. Blogu inaweza, kwa sababu kila mbunge huyo anapotajwa inarudisha kiungo cha andiko lile lile.

Na angalia tishio linapokuwa kali zaidi: ni kati ya Juni, bunge likishafungwa, na ile Jumatatu ya Desemba. Kipindi hicho mbunge hajui kama atapata mpinzani. Dirisha likifungwa bila mtu kujitokeza, blogu iandike itakavyo, mchujo umekwisha. Ndiyo maana maandiko makali yanatoka Septemba na Oktoba, wakati watu wa nje wanadhani yanatoka Februari.

Ufundi wenyewe upo kwenye kuchagua kura. Kila kundi la wahafidhina lina orodha yake ya alama: linachagua kura kadhaa kati ya mamia, mbunge anapewa alama kwa mia, blogu inaichapisha. Hapo ndipo makosa yanapoingia, mengine kwa bahati mbaya, mengine kwa makusudi.

Kosa la kwanza ni hoja za utaratibu. Huko "kuweka mezani" pendekezo ni kulizika, si kuliwasilisha kama tunavyosema Dodoma. Mbunge akibonyeza "ndiyo" kwenye hoja ya kuweka mezani rekebisho la kupunguza kodi, amelipinga rekebisho. Msomaji asiyejua atasoma kinyume. Na aliyelipinga huenda alifanya hivyo kwa sababu rekebisho lilikuwa nje ya kanuni na lingeuangusha muswada mzima. Blogu ikiandika tu "amepinga kupunguzwa kodi", haijadanganya kwa neno hata moja, lakini msomaji ameshapotoshwa.

Kosa la pili ni kura ya sauti. Wakisema "ndiyo" kwa pamoja, hakuna majina kwenye kumbukumbu. Ukiona blogu inadai mbunge fulani alipiga kura hivi kwenye jambo lililopita kwa sauti, ujue hiyo ni tetesi.

La tatu ni la Texas. Wabunge wa baraza la chini huacha jirani awabonyezee kitufe wakiwa wametoka kwenye kiti. Halafu mtu anaruhusiwa kuandikisha kwenye jarida la bunge tamko kwamba ameonyeshwa amepiga "ndiyo" ilhali alikusudia "hapana". Tamko hilo halibadilishi matokeo, linakaa chini ya orodha ya majina kwa maandishi ya kawaida. Mwanablogu makini anasoma mpaka hapo chini na kuuliza: tamko limeandikishwa mara ngapi na mtu huyu, na kwenye kura za aina gani? Mwanablogu mvivu anachukua orodha ya juu tu, kesho yake mbunge anatoa jarida na kumuumbua.

Kubwa kuliko yote ni miswada inayokufa bila kura. Texas kuna kamati ya kalenda inayopanga muswada gani ufike ukumbini na lini. Muswada unaweza kupita kwenye kamati yake, ukakaa kwa hao mpaka siku ya mwisho, ukafa. Hakuna kura ya mwisho ya kumshika nayo mtu. Blogu nzuri za wahafidhina zilijijengea heshima hapo: zinaorodhesha tarehe muswada ulipotoka kamatini, tarehe ulipofika kwenye kalenda, siku ulizolala, na majina ya wanakamati. Kumbukumbu zote hizo ziko wazi kwenye tovuti ya bunge. Kazi ni kuzipanga, na wengi hawana uvumilivu huo.

---

Binti Mvita amejibu:

Mzee amemaliza upande wa kalenda. Mimi naongeza kitu ambacho wapenzi wa blogu hukisahau: blogu peke yake haiangushi mtu. Inaangusha ikikutana na hasira iliyokuwepo tayari, pamoja na redio na watu wa kubeba mabango.

Mfano ninaouamini kuliko yote ni Pennsylvania mwaka 2005. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Julai, kama saa nane hivi, bunge la jimbo lilijipitishia nyongeza ya mshahara kuanzia asilimia 16 kwenda juu, pasipo kusikiliza maoni ya umma. Katiba ya jimbo inamkataza mbunge kuongezewa mshahara ndani ya muhula ule ule. Wakaikwepa: fedha zikaitwa marupurupu ya matumizi yasiyodai risiti, zikaanza kulipwa mara moja.

Waliopitisha ni vyama vyote viwili, na viongozi wa Republican walikuwa mstari wa mbele. Hapo ndipo blogu ya wahafidhina ya GrassrootsPA ilipofaa, kwa sababu ilikuwa nje ya uongozi wa chama. Ilikusanya kila siku viungo vya magazeti ya miji midogo, ambayo kila moja lilikuwa likimwandika mbunge wake peke yake. Mtu wa mji wa Altoona akaanza kuona kwamba jibu alilopewa na mbunge wake ndilo lile lile walilopewa watu wa Lebanon, mji mwingine wa jimbo hilo hilo. Kando yake kukawa na tovuti ya PACleanSweep, isiyo ya chama chochote, iliyoanzishwa na Russ Diamond kwa lengo moja: kila aliyeko madarakani apate mpinzani. Na nje ya jengo la bunge, Harrisburg, wanaharakati wakasimamisha puto kubwa la nguruwe wa rangi ya waridi.

Tazama mfuatano. Novemba 8, 2005, jaji wa Mahakama Kuu ya jimbo, Russell Nigro, alinyimwa kura za kuendelea na kazi, jambo ambalo halikuwahi kumkuta jaji wa mahakama hiyo. Novemba 16 bunge likaifuta nyongeza, na kwenye baraza la wawakilishi aliyepinga kuifuta alikuwa mmoja tu, Mike Veon wa Democrats, ambaye aliangushwa mwaka uliofuata. Kisha mchujo wa Mei 2006: Robert Jubelirer, rais wa muda wa seneti, na David Brightbill, kiongozi wa walio wengi, wote Republican, wakaondolewa na wanachama wenzao kwa siku moja.

Ukiuliza blogu ilifanya nini hasa, iliunganisha. Hasira ya wilaya 203 za baraza la wawakilishi na 50 za seneti ilikuwa imetawanyika. Ingebaki imetawanyika, mchujo wa Mei ungekuta kila mbunge ameshapatana na watu wake.

Kwa hiyo unapoona mbunge kaanguka na blogu ikajisifu, tafuta kwanza kama kulikuwa na nyongeza ya mshahara, kodi, au kashfa. Kama hakuna, tafuta fedha za mpinzani.

---

Mkaguzi wa Vitabu amejibu:

Swali la pili, la malipo, ndilo langu.

Kesi mama ni South Dakota 2004. John Thune wa Republican alimkabili Tom Daschle, kiongozi wa Democrats kwenye seneti ya Washington. Kiti ni cha taifa, lakini vita ilipiganwa kijimbo kabisa. Blogu mbili za wenyeji zilikuwa zikimshambulia Daschle kila siku, na zaidi ya hapo zikilishambulia gazeti kubwa la jimbo, Argus Leader la Sioux Falls, kwamba linambeba. Shabaha haikuwa mpiga kura. Shabaha ilikuwa wahariri: wawe na wasiwasi kila wanapoandika. Thune alishinda kwa kura 4,508 kati ya zaidi ya 391,000. Baada ya uchaguzi ikaandikwa kwenye vyombo vya habari kwamba kampeni ya Thune iliwalipa wanablogu wote wawili, mmoja dola 27,000 na mwingine dola 8,000. Wasomaji wa blogu hizo hawakuwa wameambiwa.

Angalieni: malipo hayakufichwa serikalini. Yalikuwa kwenye taarifa za fedha za kampeni, pale panapoandikwa matumizi ya uendeshaji. Taarifa ya robo ya tatu inaishia Septemba 30 na inawasilishwa Oktoba 15. Kwa hiyo aliyejua pa kutazama angeweza kuyaona malipo ya kabla ya hapo, wiki mbili na zaidi kabla ya kura.

Tume ya uchaguzi ya taifa ikatoa kanuni zake za intaneti Machi 2006, baada ya mahakama kuilazimisha isiiache intaneti nje kabisa. Kwa ufupi: anayeandika bila malipo yuko huru, kazi yake haihesabiwi kuwa mchango kwa mgombea. Tangazo lililolipiwa kwenye tovuti ya mtu mwingine linahesabiwa. Na kampeni ikimlipa mwanablogu, kampeni ndiyo inayoripoti. Mwanablogu halazimiki kusema chochote kwenye blogu yake.

Hapa wengi wanateleza: kanuni hiyo ni ya viti vya taifa tu. Kiti cha gavana, seneti ya jimbo au mwanasheria mkuu wa jimbo kinaongozwa na sheria ya jimbo husika, na majimbo hayafanani. California tume yake ilipitisha mwaka 2013 kanuni inayoitaka kampeni itaje kwenye taarifa zake watu inaowalipa kuisifu au kuponda wapinzani mtandaoni, na tovuti walikoandika. Majimbo mengi hayana kitu kama hicho. Malipo yanaingia chini ya "ushauri" na yanaishia hapo.

Florida walijaribu njia nyingine Februari 2023, na waliojaribu ni Republican wenyewe. Seneta wa jimbo Jason Brodeur alileta muswada namba 1316: mwanablogu anayelipwa kuandika kuhusu gavana, baraza lake au wabunge ajiandikishe serikalini ndani ya siku 5 tangu andiko la kwanza, kisha alete taarifa kila mwezi za nani kamlipa na kiasi gani. Akichelewa, dola 25 kwa siku hadi kikomo cha dola 2,500 kwa kila taarifa. Sisi tuliokutana na kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za 2018, ambapo leseni na ada zilipita shilingi milioni 2, tunaijua hiyo harufu. Wahafidhina wenyewe ndio waliomrukia kwanza, Newt Gingrich, spika wa zamani wa Republican kule Washington, akiwemo, na Gavana DeSantis akasema hauungi mkono. Ukafia kwenye kamati.

Msimamo wangu ni kwamba muswada ule ulikosea mtu wa kumbana. Anayetoa fedha za kampeni ndiye mwenye mhasibu, mweka hazina na wajibu wa kisheria tayari. Ukimbana yeye, unapata jina la mwandishi bila kumgusa mwandishi. Ukimbana mwandishi, wa kwanza kuumia ni yule wa dola 200 kwa mwezi, na mwenye mkataba mnono anaunda kampuni na kupita pembeni.

---

Kipanga wa Tanga amejibu:

Mkaguzi, ongeza malipo yasiyo ya fedha. Cheo.

Minnesota kulikuwa na blogu isiyo na jina, Minnesota Democrats Exposed. Mwenyewe, Michael Brodkorb, akajulikana mwaka 2006. Mwaka 2009 akachaguliwa naibu mwenyekiti wa Republican wa jimbo. New Jersey mtu aliyejiita Wally Edge aliendesha tovuti ya siasa za jimbo kwa miaka, kila mwanasiasa akimpa habari bila kumjua sura. Alikuwa David Wildstein, meya wa zamani wa Livingston kwa tiketi ya Republican. Mwaka 2010, utawala wa Chris Christie ukiwa madarakani, akapata kazi kubwa kwenye mamlaka ya bandari, na 2013 ndiye aliyehusika na kufungwa kwa njia za kuingilia daraja la George Washington. Georgia, Erick Erickson alianzisha blogu ya Peach Pundit mwaka 2005 na kuwa mhariri wa RedState, blogu ya wahafidhina ya kitaifa, akiwa pia diwani wa mji wa Macon.

Malipo ya namna hiyo hayaonekani kwenye jedwali lolote siku andiko linapotoka, yanakuja baadaye. Kwa hiyo unapoisoma blogu ya jimbo, jiulize mwandishi anataka kuwa nani baada ya uchaguzi.

---

Mpekuzi wa Kibaha amejibu:

Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichoomba. Mzee, hiyo ya kuweka mezani ilinichanganya miaka miwili.

Naongeza dogo. Hawa wanajiita waandishi wa habari wanapotaka kuingia ukumbini, na wanajiita wanaharakati wanapotaka kumpigia mtu kampeni. Sheria inawatambua kama nani? Na kwa nini wanasiasa wanaochafuliwa hawaendi mahakamani?

---

Mkaguzi wa Vitabu amejibu:

Inategemea wamesimama mlango gani.

Texas ndiyo darasa lenyewe. Michael Quinn Sullivan aliongoza kundi la Empower Texans, lenye orodha ya alama za wabunge, kamati ya kuchangia kampeni, na chombo cha habari, Texas Scorecard. Mwaka 2014 tume ya maadili ya jimbo ilimpiga faini ya dola 10,000, dola 5,000 kwa kila mwaka wa 2010 na 2011, kwa kutojiandikisha kama mshawishi wa wabunge. Yeye akajitetea kwamba ni mwandishi wa habari, na sheria inawasamehe waandishi. Kesi ilizunguka mahakamani miaka mingi.

Mwaka 2019 mambo yakageuka. Waandishi wa Texas Scorecard walikuwa wamenyimwa vibali vya kuingia ukumbi wa baraza la chini. Juni, Spika Dennis Bonnen, Republican mwenzao, alikutana na Sullivan ofisini kwake, akaahidi vibali hivyo, na katika mazungumzo hayo ikatajwa orodha ya wabunge 10 wa Republican wa kushughulikiwa kwenye mchujo. Sullivan alikuwa anarekodi. Sauti ikatolewa Oktoba 15. Wiki moja baadaye Bonnen akatangaza hatagombea tena. Kibali cha kuingia ukumbini, karatasi ya kuning'iniza shingoni, ndicho kilichomwondoa spika wa Texas.

Tahadhari kwa atakayetaka kuiga: Texas inatosha mmoja wa wanaozungumza ajue kuna kurekodi. Florida, Pennsylvania na California zinataka wote waridhie mazungumzo ya faragha yarekodiwe. Rekodi ile ile ingekuwa kosa la jinai huko.

Milango mingine: Wisconsin, Gavana Tony Evers wa Democrats aliwafungia nje watu wa MacIver Institute, taasisi ya wahafidhina yenye huduma ya habari, kwenye mkutano na waandishi wa 2019. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ikasema anaruhusiwa, ilimradi vigezo vyake haviangalii mtazamo wa kisiasa. New Jersey mahakama yake ya juu ilikataa mwaka 2011 kumpa aliyeandika kwenye jukwaa la mtandaoni kinga ya kutotaja vyanzo vyake. Lakini kwenye kesi za kuchafuliwa jina, mahakama ya rufaa ya taifa ya majimbo ya magharibi ilisema Januari 2014 kwamba mwanablogu analindwa sawa na mwandishi wa gazeti.

Hilo la mwisho linajibu swali la mahakama. Tangu 1964 kiongozi wa umma Marekani lazima athibitishe mwandishi alijua ni uongo, au hakujali kama ni uongo. Kukosea peke yake hakutoshi. Na Texas kuna sheria ya 2011: ndani ya siku 60 baada ya kukabidhiwa mashtaka, mwandishi anaweza kuomba kesi itupwe mapema, na akishinda aliyeshtaki analipa mawakili. Wengi wanaona afadhali wajibu kwa barua pepe kwa wanachama.

---

Mzee wa Hansadi amejibu:

Limebaki la tatu: kutambua. Naeleza ninavyoshauri kulifanya, kwa saa moja tu.

Fungua andiko. Tafuta kura, namba ya muswada na tarehe. Andiko linalomshambulia mbunge kwa kura bila namba ya muswada liweke pembeni. Kama namba ipo, nenda kwenye tovuti ya bunge la jimbo usome hoja ilikuwa nini: kupitisha, kurekebisha, au kuweka mezani. Kisha telemka chini ya orodha utafute matamko.

Baada ya hapo tafuta fedha. Texas, taarifa za kampeni huja Januari 15 na Julai 15, na kwa mgombea mwenye mpinzani zinaongezeka siku 30 na siku 8 kabla ya uchaguzi. Fungua ya mpinzani wa mbunge anayeshambuliwa, uende jedwali F1. Kila malipo yana tarehe, jina la aliyelipwa, anwani, kiasi, aina ya matumizi na maelezo. Usitafute jina la blogu, hutalipata. Tafuta jina la mwandishi, kampuni yake, au anwani. Anwani ndiyo inayowasaliti wengi: kampuni ya ushauri yenye jina geni inatumia sanduku la posta lile lile lililo chini ya ukurasa wa blogu. Ya siku 8 ndiyo yenye nyama, maana fedha nyingi hutoka mwishoni, ila wakati huo kura za mapema zimeshaanza.

Kama blogu ni ya taasisi isiyo ya faida, soma fomu 990 ya mamlaka ya kodi. Taasisi ya fungu la 501(c)(3) imekatazwa kumpigia mgombea kampeni. Ya 501(c)(4) inaruhusiwa kiasi, na haitangazi wafadhili wake. Ubaya wa fomu hiyo ni kuchelewa: mwaka ukiisha Desemba, fomu inadaiwa Mei, na inaweza kuongezewa miezi 6. Utaisoma uchaguzi umeshapita. Inafaa kwa kujua wakurugenzi ni akina nani na nani kalipwa mshahara mkubwa.

Mwisho tazama ukimya. Chukua mbunge ambaye blogu inamsifu, umtafutie kura ile ile ambayo mwingine amelaumiwa kwayo. Wakiwa wamepiga sawasawa na mmoja tu ndiye kaandikwa, umeshapata jibu hata kabla ya jedwali F1.

---

Mpekuzi wa Kibaha amejibu:

Nimekuelewa Mzee, shikamoo. La mwisho kabisa: naweza kuomba nyaraka za serikali za jimbo nikiwa hapa Kibaha?

---

Mzee wa Hansadi amejibu:

Marahaba. Virginia hapana. Sheria yao inawapa haki raia wa jimbo na vyombo vya habari vinavyofika jimboni, na Mahakama Kuu ya Marekani ililikubali hilo mwaka 2013 kwa kauli moja, watu wa Rhode Island na California walipolalamika. Tafuta mwenyeji akuombee. Anatakiwa kujibiwa ndani ya siku 5 za kazi, nazo zinaweza kuongezwa 7.

Texas na Florida ndiyo, mtu yeyote. Texas wana siku 10 za kazi kuomba ushauri wa mwanasheria mkuu kama wanataka kukunyima. Andika barua pepe kwa afisa wa nyaraka wa idara, usimwandikie mbunge. Taja aina ya nyaraka, majina ya wanaoandikiana, tarehe ya kuanzia na ya kuishia, na useme unataka nakala za kielektroniki. Ombi la "mawasiliano yote kuhusu muswada" litakurudia na makadirio ya gharama: senti 10 kwa ukurasa, na nyaraka zikizidi kurasa 50, dola 15 kwa saa ya kazi. Makadirio yakipita dola 40 wanakuandikia kwanza, na usipojibu ndani ya siku 10 za kazi ombi linahesabika umeliondoa. Huku kwetu barua pepe yao itaingia usiku, kwa hiyo ifungue kila asubuhi.